Kwa nini fado humliza hata asiyejua Kireno

SWALI: Binti yangu alinifungulia kwenye simu wimbo wa Mariza, mwimbaji wa fado, muziki wa Ureno, uitwao "Ó gente da minha terra". Sijui Kireno hata neno moja, lakini kabla haujaisha nilikuwa nafuta machozi. Mimi nimekulia kwenye taarab ya zamani, wimbo wa huzuni naujua ulivyo, ila huu ulinishika mahali pengine. Je, ni wimbo wa msiba? Kile chombo kinacholialia nyuma ya sauti yake ni udi, mandolini au nini? Na jirani ameniambia fado ni muziki wa Waarabu waliobaki Ureno, ndiyo maana sisi watu wa pwani tunauelewa haraka. Ni kweli? (Mama wa wajukuu, Tanga)

JIBU: Shikamoo mama.

Nianze na la msiba, maana jibu lake ni fupi. Hapana, hakuna aliyekufa katika wimbo huo, wala hakuna mpenzi aliyesafiri. Ukiyafuata maneno ubeti kwa ubeti, mwimbaji anasema fado hii ni yangu na yenu, ni majaaliwa yanayotufunga pamoja. Anasema gitaa likigumia tu, mtu hupotea papo hapo, akashikwa na hamu ya kulia. Kisha anawaita watu wa nchi yake, na hiyo ndiyo maana ya jina la wimbo, akawaambia: sasa ndipo nimetambua, huzuni hii niliyoibeba nimeipokea kwenu. Hadithi inaishia hapo. Mtu analia, anajiuliza kilio kimetoka wapi, anaona kimetoka kwa hao hao wanaomsikiliza.

Maneno hayo ni ya Amália Rodrigues, mwimbaji mkubwa kuliko wote wa fado katika karne ya 20. Alizaliwa mwaka 1920, akafariki Oktoba 1999, na serikali ya Ureno ikatangaza siku tatu za maombolezo ya kitaifa. Mwaka 2001 masalia yake yalihamishiwa Panteão, jengo la Lisbon wanakolazwa watu waliotukuzwa na taifa. Mwaka huohuo Mariza akatoa albamu yake ya kwanza, "Fado em Mim", na humo ndimo ulimo wimbo wako. Muziki wake uliandikwa upya na mtunzi wa siku hizi, Tiago Machado. Kwa hiyo ulichokisikia ni maneno ya mwanamke wa kizazi kilichopita yaliyovishwa mahadhi mapya, na ninaamini nguvu kubwa ya wimbo huo imetokana na kukutana huko.

Sasa, kama maneno hukuyaelewa na hadithi yenyewe ni ndogo hivyo, umelizwa na nini? Nimefundisha muziki miaka mingi na fado nimeisikiliza kwa makini, na jibu langu halijabadilika: kinacholiza ni wakati. Nina maana ya jinsi sauti inavyokwenda na mapigo, inapochelewa, inapowahi, inaposimama kabisa. Hilo halihitaji mkalimani.

Mwombe binti yako hedifoni, usikilize tena, lakini safari hii usimfuate Mariza. Fuata gitaa lililo chini yake. Kundi la fado la kawaida lina wapigaji watatu tu nyuma ya mwimbaji. Wa kwanza ana gitaa la kawaida la nyuzi 6, ambalo Wareno huliita viola. Anagusa uzi mnene kwa dole gumba, kisha nyuzi nyembamba kwa pamoja, tena mnene, tena nyembamba, bila haraka yoyote. Mwanamuziki wa dansi angeliita gitaa la rithimu na asingekosea. Wa pili anapiga besi. Wa tatu anapiga guitarra, na hicho ndicho chombo chako, nitakifikia. Viola na besi hazibabaiki. Ukiweza kuzisikia peke yake, utagundua ni muziki mtulivu, unaokaribia kuwa wa kawaida tu.

Sasa mrudishe Mariza juu yake. Hakanyagi pale gitaa linapokanyaga. Neno ulilolitarajia kwenye pigo linakuja kidogo baada ya pigo. Mwisho wa mshororo anayabana maneno yaliyobaki ili afike pamoja na wenzake, halafu mshororo unaofuata anaweza akatangulia. Wareno huiita kazi hiyo "dividir", kuyagawa maneno juu ya mapigo, na fadista, ndivyo aitwavyo mwimbaji wa fado, hupimwa kwa hilo kuliko kwa ukubwa wa sauti. Yuko mwanamume aitwaye Camané ambaye kwangu mimi ndiye fadista bora wa kiume wa wakati wetu. Hapigi kelele hata kidogo. Anaimba kana kwamba anakueleza jambo mezani, lakini kila neno limewekwa mahali ambapo lisingeweza kuwekwa na mtu mwingine.

Sikio linajua pigo liko wapi, hata kama mwenye sikio hajui kwamba anajua. Sauti inapochelewa unaingoja, na pumzi unaizuia bila kukusudia. Inapofika unaiachia. Mambo hayo yakirudiwa kwa dakika tatu nne, mwili unakuwa umeshafanya kazi ya mtu anayelia kabla akili haijauliza sababu.

Halafu kuna kusimama. Katika fado nyingi, karibu na mwisho, mwimbaji anaifikia silabi moja akaishikilia, na vyombo vyote vinaacha kupiga. Hakuna anayehesabu. Wapigaji wanamtazama mgongoni, maana wao hukaa nyuma yake na yeye husimama mbele, mara nyingi macho kafumba na kichwa kakirudisha nyuma. Anaweza kuishika silabi hiyo muda anaotaka. Akiiachia tu, wote wanaanguka pamoja naye kwenye maneno ya mwisho, kisha viola na guitarra zinapiga mapigo mawili ya kufungia, moja la kuuliza na moja la kujibu. Hapo ndipo watu wa Lisbon hupaza sauti "Ah, fadista!", na mara nyingi huwa wameshaanza makofi kabla pigo la pili halijazimika.

Wimbo wako una jambo jingine ambalo nataka ulisikilize, nalo ni mahali sauti inapokaa. Beti za mwanzo zimewekwa chini, karibu na kuzungumza. Mariza ana sauti yenye uzito huko chini na haoni haya kuiacha iwe na mkwaruzo. Kinapofika kiitikio, ule mwito wa "Ó" unapanda na kufunguka. Kwa kuwa alikuwa amejibana kabla ya hapo, kupanda huko kunaonekana kukubwa kuliko kulivyo hasa. Wako pia mafadista wanaofanya kinyume: ubeti wa mwisho wanauimba kwa sauti ya chini kabisa, vyombo navyo vikipunguza mpaka karibu visisikike. Wenyewe huita "pianinho". Ikifanywa vizuri, ukumbi mzima unainama mbele ili usikie. Mimi binafsi hiyo hunishinda zaidi kuliko kelele ya kileleni.

Na kwa kuwa umekulia kwenye nyimbo zenye vina na mizani, hesabu silabi za jina la wimbo: ó-gen-te-da-mi-nha-ter-ra. Ni nane. Mreno atakwambia ni saba, kwa sababu wao huacha kuhesabu wakifika silabi ya mwisho yenye mkazo, lakini kinywani ni nane, mizani ileile ya utenzi. Kila ubeti una mishororo minne, na karibu wote vina vyake vinapishana: wa kwanza na wa tatu, wa pili na wa nne. Huo ndio umbo la zamani kabisa la fado, na ndilo lililowezesha jambo ambalo wageni wengi hawalijui. Katika fado ya jadi, mahadhi na maneno ni mali mbili tofauti. Kuna mahadhi yanayojulikana na wote, ya msingi yakiwa matatu, Fado Menor, Fado Corrido na Fado Mouraria, na baada yake mengi mengine yaliyotungwa na watu wanaokumbukwa kwa majina, kama Alfredo Marceneiro aliyefariki mwaka 1982. Mshairi akiandika beti zenye mizani inayofaa, mwimbaji huchagua mahadhi ya kuzivika. Ndiyo maana katika nyumba za fado mwimbaji anaweza kukutana na wapigaji ambao hajawahi kufanya nao mazoezi, akawanong'oneza jina la mahadhi na ufunguo anaoutaka, wakaanza. Wanaoghani tenzi kwetu hawatalistaajabia hilo.

Ila wimbo wako haukufuata njia hiyo moja kwa moja. Una kiitikio, na muziki wake ulitungwa kwa ajili ya maneno hayo tu. Wareno wanaiita aina hii fado-canção, na ilikua kwenye maonyesho ya muziki na vichekesho ya majukwaa ya Lisbon katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Kwa hiyo hata "usasa" wa wimbo huu una wazee wake.

Nije kwenye chombo. Si udi, wala si mandolini, ingawa nakuelewa kwa nini umeyataja yote mawili. Ni guitarra portuguesa, gitaa la Kireno. Lina tumbo lenye umbo la tone, na juu ya shingo, mahali pa vile vipini tulivyovizoea vya kukazia nyuzi, pana bamba la chuma lililotandazwa kama upepeo lenye skrubu ndogo 12. Nyuzi nazo ni 12, zote za chuma, zimefungwa mbilimbili. Katika jozi tatu nyembamba, nyuzi zote mbili hutoa sauti ileile. Katika jozi tatu nene, uzi mmoja uko juu ya mwenzake kwa oktavu nzima, yaani sauti ileile lakini nyembamba zaidi. Nyuzi mbili hazikubaliani kamwe kwa asilimia mia, hata zikikazwa na fundi hodari, na ule mtetemo mdogo wa kutokukubaliana ndio unaoipa guitarra mng'ao wake. Mpigaji hutumia dole gumba na kidole cha shahada, vyote vimevikwa kucha za bandia, na kidole cha shahada kinakwenda na kurudi juu ya uzi kwa kasi. Mkono wa kushoto nao unatikisa uzi uliobonyezwa ili sauti iyumbe kabla haijafa. Kugumia kwa gitaa kulikotajwa kwenye maneno ya Amália ni huko.

Ukitaka kuielewa kazi yake, isikilize pale Mariza anapovuta pumzi. Viola haimjibu, besi haimjibu. Guitarra inamjibu. Akimaliza mshororo kwa kushuka, yenyewe inaokota sauti yake ya mwisho na kuipandisha, au inashuka naye hatua moja zaidi ya alipofika. Anapoimba, inapunguza, inaweka nukta mbili tatu pembeni na kumpisha. Mpigaji mzuri wa guitarra anayajua maneno yote ya wimbo kwa moyo, kwa sababu lazima ajue mshororo unauma wapi. Nikimsikiliza mpigaji anayejaza kila nafasi kwa ufundi wa vidole, hata awe hodari namna gani, huwa nahisi ameingilia mazungumzo ya watu.

Asili ya chombo chenyewe ni ya kushangaza kidogo. Katika karne ya 18, Waingereza waliokuwa wakifanya biashara ya mvinyo mjini Porto walileta aina ya gitaa lililopendwa sebuleni kwao, na mafundi wa Kireno wakaligeuza polepole hadi likawa hili. Leo ziko namna mbili kuu. La Lisbon lina kichwa kilichojikunja mfano wa konokono na sauti kali zaidi. La Coimbra, mji wa chuo kikuu kikongwe, hukazwa chini kwa hatua moja nzima, na kichwa chake kimechongwa umbo la tone la chozi. Huko Coimbra fado ni mambo ya wanafunzi, huimbwa na wanaume waliovaa majoho meusi, na kwa desturi hawapigiwi makofi: wasikilizaji hukohoa. Hiyo ni dunia nyingine na sitaifungua leo.

La jirani yako sasa, Waarabu. Dai hili nimelisikia mara nyingi, na nalielewa vizuri kwa sababu hata mimi sikio langu lilikwenda huko. Mtaa wa Mouraria, unaosemwa kuwa ndiko fado ilikozaliwa, ulipata jina lake kwa kuwa Waislamu walitengewa kukaa hapo baada ya Wakristo kuiteka Lisbon mwaka 1147. Na ule upindaji wa sauti kwenye irabu moja, ambao Wareno huuita voltinhas, unamkumbusha mtu wa taarab nyumbani mara moja. Lakini watafiti wa fado, akiwemo Rui Vieira Nery ambaye kazi yake inaheshimiwa sana Ureno, wanalikataa dai hilo, na mimi niko upande wao. Fado inaanza kuonekana katika maandishi ya Lisbon kwenye karne ya 19. Kati ya 1147 na hapo kuna miaka karibu 700 ambayo hakuna mtu aliyeandika habari zake. Muziki mzima haujifichi muda wote huo.

Kile kinachokudanganya sikio kina sababu ya kimuziki, na ni nzuri kuijua. Fado nyingi za huzuni hutumia ngazi ya maina, ule mpangilio wa sauti wenye huzuni, ambayo sauti yake ya saba imepandishwa nusu hatua. Matokeo yake, kati ya sauti ya sita na ya saba panabaki pengo pana kuliko kawaida. Pengo la namna hiyo liko pia ndani ya maqam Hijaz, ngazi ya sauti ya Kiarabu, ambayo wewe umeisikia tangu utotoni kwenye udi na fidla. Milango miwili tofauti imefunguka kwenye chumba kimoja. Ila mpe jirani yako jaribio hili: shingo ya udi haina vigawanyo, kwa hiyo mpigaji anaweza kutua kati ya sauti na sauti, mahali ambapo gitaa halina pa kutua. Shingo ya guitarra ina vyuma vya kuigawa, na kila sauti imepangiwa mahali pake. Zile robo za sauti zinazoifanya taarab iwe taarab, kwenye guitarra hazipo.

Njia ya asili ambayo ina ushahidi inapita kwingine, na inatuhusu Waafrika. Mwaka 1807 familia ya kifalme na baraza lake waliikimbia Ureno wakati majeshi ya Napoleon yalipoivamia, wakahamia Rio de Janeiro, na wakarudi mwaka 1821. Brazili ya wakati huo ilikuwa na ngoma ya kuchezwa iitwayo fado, pamoja na nyingine iitwayo lundum, zilizotoka mikononi mwa Waafrika waliopelekwa huko utumwani, wengi wao kutoka Angola na Kongo. Mabaharia na watu wa mfalme walirudi nazo bandarini Lisbon. Huko uchezaji ukapungua, uimbaji ukabaki, ukakua kwenye vilabu vya pombe vya mitaa ya Alfama na Mouraria, kwa mabaharia, wachuuzi na wanawake waliodharauliwa. Jina la kwanza kubwa ni la mmoja wao, Maria Severa, aliyefariki Mouraria mwaka 1846 akiwa na miaka 26. Shali nyeusi ambayo waimbaji wanawake hujifunika mpaka leo inahusishwa na kumbukumbu yake.

Mariza mwenyewe, mama, amezaliwa upande wetu wa bahari. Alizaliwa mwaka 1973 Lourenço Marques, mji tunaouita leo Maputo, baba Mreno na mama wa Msumbiji. Akapelekwa Lisbon akiwa na miaka mitatu, akakulia Mouraria, ambako wazazi wake walikuwa na mgahawa. Alianza kuimba fado kabla ya kujua kusoma, na baba yake alimchorea picha ndogondogo ili akumbuke maneno. Sasa urudie kiitikio ukijua hilo. Mtoto wa mama wa Msumbiji anawaambia watu wa Ureno: huzuni hii nimeipokea kwenu. Amália alipoyaandika maneno hayo alikuwa akizungumza na watu wa Lisbon waliomlea. Kinywani mwa Mariza yanabeba zaidi ya hapo, hata kama yeye hakukusudia. Mwaka 2005 aliuimba wimbo huu usiku, kwenye bustani zinazozunguka mnara wa Belém, pamoja na okestra iliyoongozwa na Mbrazili Jaques Morelenbaum, na tamasha hilo likatolewa mwaka 2006 kwa jina "Concerto em Lisboa". Belém ndiko Vasco da Gama alikoanzia safari yake mwaka 1497, safari iliyomfikisha Mombasa na Malindi mwaka uliofuata. Katikati ya wimbo machozi yalimshinda Mariza, na umati ukampigia makofi. Sijui mtu yeyote aliyeiona filamu ya tamasha hilo akabaki vilevile.

Hata hivyo, kama unataka kuusikia wimbo wenyewe, mimi nakushauri ile ya albamu ya 2001. Okestra ni nzuri, fidla nyingi zinainua kifua, lakini zinafunika ule ukimya kati ya sauti na guitarra ambao nimeueleza hapo juu. Fado inapungua kila unapoijaza.

Nisikuache ukidhani fado zote ni kilio. Fado Corrido ni ya ngazi ya meja, ile yenye furaha, inakwenda mbio, na watu huimbiana kwa kutaniana na kujibizana. Wimbo maarufu "Uma Casa Portuguesa", ambao Amália aliutangaza dunia nzima, unasifia nyumba ya maskini yenye mkate na mvinyo mezani, na unachangamka mwanzo hadi mwisho. Mmoja wa walioandika maneno yake ni Reinaldo Ferreira, mshairi aliyeishi Lourenço Marques na kufia hukohuko mwaka 1959. Uchangamfu wake ulikuja kuchukiwa na wengi, kwa sababu picha ya maskini anayeridhika iliupendeza sana utawala wa Salazar, dikteta wa Ureno. Utawala wa kijeshi uliomtangulia ulikuwa umeshatoa sheria mwaka 1927 iliyolazimisha maneno ya nyimbo yapite kwa wakaguzi na waimbaji wawe na kadi ya kazi. Udikteta ulipoangushwa Aprili 1974, vijana wengi waliiona fado kama sauti ya enzi hiyo wakaipa kisogo. Hukumu hiyo haikuwa ya haki kwa muziki uliozaliwa vilabuni miaka mingi kabla ya Salazar, lakini chanzo chake naielewa. Ilichukua hadi miaka ya 1990 kwa kizazi kipya kuirudia bila aibu, na mwaka 2011 UNESCO ikaiweka kwenye orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu.

Kizazi hicho ndicho kilichokuletea sauti uliyoisikia kwenye simu, na ukitaka kuendelea nacho, pa kwenda papo. Anza nyuma kidogo, kwa Amália na albamu yake ya mwaka 1962 ambayo wengi huiita "Busto". Humo mtunzi Alain Oulman alimtengenezea mahadhi mapana kuliko ya jadi, wazee wa fado wakalalamika, na bila albamu hiyo wimbo wako usingekuwapo. Kisha Camané, umsikilize usiku ukiwa peke yako, ili uone jinsi kuchelewa kidogo kunavyotosha. Carminho ana sauti ya moto na ameishikilia jadi kwa nguvu zaidi ya wengi wa rika lake. Ukiipenda guitarra yenyewe bila mwimbaji, tafuta Carlos Paredes wa Coimbra, aliyefariki mwaka 2004. Utasikia mpaka pumzi yake anavyoihema juu ya nyuzi, na sikushauri uanze naye kwa sababu baada yake wengine huonekana wepesi.

Wako pia wanaoisogeza mbali. Mwimbaji Lina na Mhispania Raül Refree walitoa albamu mwaka 2020 wakaziimba nyimbo za Amália kwa kinanda na mashine za umeme, guitarra wameiondoa kabisa. Nilidhani haitawezekana, lakini sauti ya Lina bado inachelewa palepale panapouma, kwa hiyo kwangu bado ni fado. Ana Moura, katika "Casa Guilhermina" ya mwaka 2022, ameingiza mapigo ya Angola ya kuchezeka, na jina la albamu ni la bibi yake aliyetoka huko. Hiyo mwachie binti yako aisikilize kwanza, maana nadhani itamwingia haraka kuliko itakavyokuingia wewe.